Mashimo marefu Unguja na Pemba: maji yakisogea, hewa chafu nayo inasogea (uzi)

Fundi_Uwanda (mwenye uzi)

Assalaam alaykum jamani. Tokea masika yaishe kila ninapopita naona mashimo. Paje na Jambiani makaro ya maji machafu ya nyumba za wageni, mjini watu wanataka ghorofa lenye chumba chini ya ardhi, Pemba matangi ya maji ya kufukia. Nikisimama kuzungumza na mafundi nasikia mambo mawili yanasemwa mbali mbali: "maji tutayapiga pampu", halafu "hewa humu nzuri tu, jana tuliingia".

Ninalotaka kusema ni kwamba hayo si mawili. Maji ndiyo yanayoisukuma hewa chafu, maji ndiyo yanayoibeba, na ukiyatoa maji ndipo unapoiita. Mtu aliyepanga pampu bila kupanga hewa kapanga nusu ya kazi.

Tuanze na jiwe letu. Mashariki na kusini ya Unguja sehemu kubwa ni uwanda, jiwe la matumbawe lililojaa matundu, mifereji na mapango. Aliyeingia pango la Mangapwani, au Kuza pale Jambiani, kayaona maji baridi yaliyotulia ndani ya jiwe. Maji hayo ni ya mvua, yameelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi. Hesabu ya kawaida ya wataalamu ni hii: kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia kama mita 40 za maji baridi chini yake. Sasa wewe weka pampu kubwa kwenye shimo lako, uishushe ile mita 1 ili zege likauke, uone chumvi inavyopanda kutoka chini. Jirani mwenye kisima anaanza kuonja chumvi kwenye chai yake, na hajui amlaumu nani.

Hilo ni la maji. Sasa la hewa, na hapa ndipo watu wengi wanaponikatalia. Karibu na pwani maji ya visima hupanda na kushuka kwa kufuata bahari, yakichelewa kidogo. Siku za bamvua tofauti ya kujaa na kupwa kwetu hukaribia mita 4. Bahari ikijaa, maji ndani ya jiwe nayo yanapanda, na hewa iliyokaa kwenye matundu inatafuta pa kutokea. Shimo lako ndilo mlango. Hewa yenyewe si hii tunayovuta nje: imekaa na mizizi na majani yaliyooza. Nje kabonidayoksaidi ni kama asilimia 0.04 tu, lakini ndani ya udongo huweza kufika asilimia kadhaa. Na ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, kwa hiyo ikishaingia shimoni haitoki yenyewe. Inalala chini ikikusubiri asubuhi.

Kwa hiyo "jana tuliingia" haina maana yoyote leo. Jana maji yalikuwa yanakupwa.

Kijana_Kwahani

Fundi umeandika vizuri lakini mie nimechimba mashimo mengi Fumba na Chukwani sijawahi kuona mtu kaanguka kwa hewa. Kinachoua ni kuta kuporomoka. Tusitiane hofu.

Fundi_Uwanda

Kijana, kuta zinaua, sikatai, na nitafika huko kwa sababu kuta nazo zinaangushwa na maji. Lakini mashimo yako yalikuwa na upana gani? Shimo la msingi lenye upana wa mita 10, upepo wa kusi unalifagia. Mie nazungumzia kisima cha upana wa mita 1, karo, shimo la pampu lililomo ndani ya shimo kubwa. Pembe ile ya chini kabisa, ambapo anashuka mtu kuzibua mpira wa pampu.

Mzee_wa_Malindi

Wanangu, sisi enzi zetu mchimba kisima hashuki kabla hajashusha kandili. Ikizimika, haingii mtu. Na tulikuwa tunalifunga kuti la mnazi kwenye kamba, tunalipandisha na kulishusha mpaka hewa ichanganyike. Hatukuwa na mashine na visima vimechimbwa.

Fundi_Uwanda

Shikamoo mzee wangu. Kandili ilikuwa na akili yake: inazimika oksijeni ikipungua, na visima vya wakati ule tatizo lake kubwa lilikuwa hilo. Ila kuna vitu vitatu haivioni. Haioni gesi inayotoka kwenye karo na matope ya mikoko, haidrojeni salfaidi, ambayo inaua kwa kiasi kidogo mno ambacho moto hata hautikisiki. Haioni moshi wa jenereta. Na ikikutana na methani inaweza kuwa yenyewe ndiyo kiberiti, maana methani ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa inalipuka.

Kuti linasaidia kidogo, mzee, nakubali. Feni yenye mpira mrefu inasaidia zaidi, na mdomo wa mpira ushuke mpaka karibu na chini ya shimo. Nimeona watu wanaweka feni mdomoni pa shimo inapuliza juu juu tu, wakati hewa nzito ipo chini haijaguswa.

Mzee_wa_Malindi

Marahaba. Basi kandili niipeleke makumbusho.

Muuguzi_Wete

Niongeze la hiyo haidrojeni salfaidi kwa sababu watu wanasema "tutainusa". Kweli inanuka yai viza, tena kwa kiasi kidogo sana. Lakini ikifika kama sehemu 100 katika milioni moja za hewa, pua inakufa ganzi. Harufu inapotea, mtu anadhani gesi imekwisha, kumbe imezidi. Ikifika mia tano kwenda juu mtu anaanguka ndani ya muda mfupi sana, na ikikaribia elfu pumzi chache zinatosha. Huku kwetu Pemba watu wanachimba kandokando ya mikoko, lile tope jeusi likichokorwa linatoa harufu hiyo. Harufu ikitoweka ghafla hali bado mnachokora, tokeni.

Na oksijeni: hewa ya kawaida ina asilimia 20.9. Ikishuka chini ya 10 mtu hupoteza fahamu, tena hapati onyo, hahisi anakosa pumzi kama anayezama. Anaishiwa nguvu za miguu akiwa katikati ya ngazi.

Bint_Micheweni

Yakhe fundi, mie nipo Pemba na suala langu si la jiwe. Kwetu juu kuna kinamo kizito, udongo ule wa mfinyanzi. Tunachimba tangi la kuweka maji ya mvua, shimo la mita 4, kiwanja kipo ukingoni mwa bonde la mpunga. Shimo la majirani zetu walipofika chini, lilikuwa kavu kabisa, hata tone. Asubuhi wakakuta chini pamevimba katikati, mchana pakapasuka, maji na mchanga vikafoka mpaka nusu ya shimo. Wazee wanasema wamegusa pahala pa watu wasioonekana. Mie mume wangu hataki tena kuendelea.

Fundi_Uwanda

Bi mkubwa, ahsante sana kwa kulileta hili, maana ndilo linalowadanganya mafundi kuliko yote. Shimo kavu.

Unguja kwenye uwanda maji unayaona yanakuja pole pole kutoka pembeni. Pemba, na baadhi ya mabonde ya Unguja, kuna tabaka la kinamo juu na mchanga wenye maji chini yake. Kinamo hakipitishi maji, kwa hiyo unachimba mkavu. Lakini yale maji yaliyomo mchangani yanasukuma juu, kwa nguvu ya urefu ambao yangepanda kama ungeyatobolea bomba. Kinachoyazuia ni uzito wa kinamo kilichobaki chini ya miguu yako. Kila unapochota ndoo unapunguza huo uzito.

Tupige hesabu kwa mfano. Shimo la mita 4, na kinamo kinaendelea mita 1.5 zaidi kabla ya mchanga. Kwa hiyo mchanga uko mita 5.5 kutoka juu. Kisima cha jirani kilichofika kwenye mchanga huo maji yake yamesimama mita 2 kutoka juu ya ardhi. Basi pale mchanga unapoanza maji yana kimo cha mita 3.5, sawa na kusukuma kwa tani 3.5 katika kila mita ya mraba. Kinamo kilicholoa kina uzito wa kama tani 1.8 kwa mita ya ujazo, mara 1.5 ni tani 2.7. Tani 2.7 zinakandamiza, tani 3.5 zinasukuma. Lazima pavimbe. Ukikomea mita 3, kinamo kilichobaki ni mita 2.5, uzito tani 4.5, hapo unapumua.

Kwa hiyo la kufanya kabla ya kuchimba ni kujua mambo mawili: kinamo kinaishia wapi, na maji ya chini yake yanasimama wapi. Tobolea bomba jembamba pembeni ya kiwanja, nje ya shimo, si katikati yake, na upime maji yanapanda mpaka wapi. Kama hesabu haikubali, ama tangi liwe pana na fupi, ama maji ya mchangani yashushwe kwanza kwa mabomba pembeni kabla ya mtu kugusa kijiko cha kuchimbia. Kazi hiyo inataka mhandisi, si mie wala si fundi wa mtaani.

Kuhusu wazee, siwabishii. Wamekatazana kuchimba pahala ambapo pakichimbwa panafoka. Sababu wametoa yao, katazo lenyewe ni sahihi.

Kijana_Kwahani

Na kama chini ni mchanga mtupu bila kinamo?

Fundi_Uwanda

Hapo unaona mapema, chini panachemka. Maji yakipanda kwa kasi ya kutosha mchanga unakosa uzito, ukikanyaga unazama mpaka gotini, na kuta zinakosa pa kukanyagia. Hizo ndizo kuta zako zinazoua, kijana. Watu wanaleta mbao nene zaidi za kukingia pembeni wakati ugonjwa uko chini. Na pampu ukiiweka katikati ya shimo unaongeza, kwa sababu unayavuta maji yapande hapo hapo.

Na angalia maji yanayotoka kwenye mpira. Jaza ndoo, iache itulie. Kama chini panabaki mchanga, hutoi maji tu, unatoa ardhi ya jirani. Pale Darajani zamani ilikuwa ghuba, ilifukiwa kidogo kidogo tokea karne ya 19 mpaka ya 20, na upande wa pili kuna majumba ya Mji Mkongwe ya mawe na chokaa yenye misingi mifupi. Ukivuta mchanga chini ya nyumba ya namna ile, ufa unaanza juu ya dirisha la ghorofa ya pili, na mwenye nyumba atadhani ni mvua.

Pweza_wa_Nungwi

Mie niliposoma "gesi" nikadhani Zanzibar tumepata yetu kama Songo Songo, nikaja mbio 😂

Fundi_Uwanda

😂 Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, na hiyo wanaitafuta kwa mitambo ya kwenda chini kilomita kadhaa. Shimo la karo lako halifiki. Ila methani hiyo hiyo inatengenezwa na uozo, tena bure, kwenye karo, kwenye jaa la zamani lililofukiwa, kwenye tope la mikoko.

Na kwa kuwa umecheka, nikupe kisa kimoja kilichoandikwa rasmi ambacho ndicho kilichonifanya niamini kwamba maji na gesi havitenganishwi. Uingereza, mahali panaitwa Abbeystead, tarehe 23 Mei 1984. Kulikuwa na chumba cha chini ya ardhi cha mabomba ya kusafirishia maji kutoka mto mmoja kwenda mwingine kupitia handaki refu. Wanakijiji walialikwa kuja kuona mradi, pamoja na wafanyakazi waliowapokea wakawa watu 44. Pampu zilikuwa zimesimama zaidi ya wiki mbili. Muda wote huo maji ya ardhini yalikuwa yanavuja kuingia kwenye handaki, na ndani yake mlikuwa na methani iliyoyeyuka. Ni kama soda: chupa ikiwa imefungwa huioni gesi, ukifungua inatoka. Maji yaliyokuwa chini kwa mgandamizo mkubwa yakaingia kwenye handaki lenye mgandamizo mdogo, gesi ikaachana na maji, ikajikusanya. Pampu zilipowashwa ili wageni waone maji yanavyokuja, maji yakaisukuma ile gesi yote mpaka kwenye chumba walichosimama. Ikalipuka. Walikufa 16.

Hawakuchimba siku hiyo. Hawakuwasha moto wa kupikia. Waliwasha pampu.

Bint_Micheweni

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Kijana_Kwahani

Haya nimekaa kimya nasikiliza. Jenereta je? Sisi pampu ya petroli tunaishusha chini kwa sababu ikiwa juu haivuti.

Fundi_Uwanda

Ni kweli haivuti. Pampu ya kuvuta ikiwa juu haiwezi kupandisha maji zaidi ya mita 7 au 8 hivi, hiyo ni kanuni ya hewa, si ubovu wa mashine. Ndiyo maana watu wanaishusha, na ndipo wanapokufa. Moshi wake una kabonimonoksaidi, haina harufu, uzito wake karibu sawa na hewa kwa hiyo haikai chini wala haiendi juu, inajaza shimo zima. Injini yoyote ya mafuta isishuke, hata kwa dakika tano, hata mkiwa na haraka ya zege. Tumia pampu ya umeme ya kuzamisha majini, jenereta ibaki juu upande ambao upepo unautoa moshi mbali na mdomo wa shimo. Na waya wa umeme wa pampu uwe na kifaa cha kukata umeme unapovuja, maana shimo lenye maji na waya uliochubuka ni habari nyingine kabisa.

Msimamizi_Bububu

Sisi tuna kile kipimo cha gesi nne kinachovaliwa shingoni. Kikiwa kimya tunashuka. Naomba kuuliza, hicho kinatosha?

Fundi_Uwanda

Swali zuri mno, na jibu lake wengi hawalipendi. Vile vya gesi nne kwa kawaida vinapima oksijeni, gesi za kuwaka, haidrojeni salfaidi na kabonimonoksaidi. Kabonidayoksaidi haimo! Na kwenye jiwe letu hiyo ndiyo mgeni wa kwanza.

Mtu atasema, itaonekana kwa oksijeni kushuka. Angalia. Oksijeni ni sehemu moja kwa tano ya hewa. Kabonidayoksaidi ikiingia asilimia 5, inasukuma nje asilimia 5 ya hewa, na katika hiyo oksijeni iliyotoka ni kama 1 tu. Kipimo chako kinaonyesha 19.9. Kengele ya vipimo vingi imewekwa 19.5. Kimya! Wakati asilimia 5 ya kabonidayoksaidi mtu tayari anahema kama kapanda mnara, kichwa kinamuuma, na ikifika 10 anazimia. Kwa hiyo mkiwa kwenye uwanda tafuteni kipimo chenye kihisi cha kabonidayoksaidi. Kama hamnacho, basi oksijeni ikiteremka hata nukta chache kutoka 20.9, ichukulie kuwa kitu kingine kimeingia, msishuke mpaka feni ifanye kazi na namba irudi.

Halafu kipimo kisivaliwe tu. Kishushwe kwa kamba kwanza, juu, katikati, chini, kikae kila pahala kwa muda maana huchelewa kusoma. Na kiendelee kukaa chini na mtu muda wote, kwa sababu bahari haisimami wakati nyinyi mnachimba.

Muuguzi_Wete

Na akianguka mtu? Hapo ndipo tunapoletewa wawili watatu kwa pamoja.

Fundi_Uwanda

Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, iliandika mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa kwenye sehemu za kufungwa kama hizi walikuwa ni waokoaji. Mtu anaona mwenzake kalala mita 5 chini, anaruka. Anavuta pumzi mbili kubwa kwa sababu ya kukimbia, analala juu yake.

Hivyo aliye chini awe amevaa mkanda wa mwili tokea mwanzo, kamba ipande kwenye kapi iliyofungwa juu ya miguu mitatu ya chuma, ili watu wawili wamvute bila mtu kushuka. Kamba ya kiunoni tu haitoshi, mtu aliyezimia anakunjika na kunasa. Na sisi visiwani tunafanya kazi na ndugu zetu: usimweke mdogo mtu ashike kamba ya kaka yake. Muweke asiyekuwa na damu naye, atakayepiga simu Zimamoto na kuwasha feni badala ya kuruka.

Kijana_Kwahani

Hilo la ndugu limenigusa, mie nafanya kazi na watoto wa ami yangu watatu.

Bint_Micheweni

Fundi, mume wangu kausoma uzi wote. Kakubali tangi liwe la mita 3 kwa 3, kimo mita 2.5, lakini anauliza: likishajengwa na kufukiwa hatari imekwisha?

Fundi_Uwanda

Ya kuvimba chini imepungua, bi mkubwa. Inakuja nyingine. Tangi la vipimo hivyo linachukua nafasi ya mita za ujazo 22.5. Masika yakijaa bonde na maji ya ardhini yakafika juu ya tangi, yanalisukuma juu kwa tani 22.5. Zege la unene wa sentimita 15 pande zote, chini na juu, lina uzito wa kama tani 15 na nusu. Likiwa na maji ndani halina wasiwasi. Likiwa tupu, linaelea! Mabomba yanakatika, tangi linapanda upande mmoja. Kwa hiyo chini litanuliwe zege litokeze nje ya kuta, udongo wa kufukia ulikalie na kulishika, na msilimwage kulisafisha katikati ya masika. Safisheni kaskazi, ardhi ikiwa imekauka.

Na anayeingia kusafisha ni yale yale tuliyoyasema huko juu. Mfuniko ufunguliwe mapema, feni, kipimo, mkanda. Tangi la maji safi nalo linaua, majani yakioza ndani oksijeni inaliwa.

Bint_Micheweni

Kasema atampigia mhandisi wa Chake Chake kesho, halafu ndio atoboe bomba la kupimia. Anauliza lishuke mita ngapi.

Fundi_Uwanda

Mpaka liguse mchanga. Likikosa mchanga mpaka mita 8, nijulishe hapa pamoja na aina ya udongo uliotoka kila mita, uwekwe kwenye mifuko mbali mbali, msiuchanganye.